Mdharau Mwiba Mguu Huota Tende: Habari za Maumivu ya Miguu na Nafuu Yake

Wazee wetu walinena, "Mdharau mwiba mguu huota tende." Methali hii ni fupi, lakini ndani yake mna elimu kubwa ya afya. Mtu wa shamba akiumwa na jino, aweza bado kulima. Akiumwa na mkono mmoja, aweza kuchunga kwa mkono wa pili. Lakini akiumwa na mguu, shamba, kisima, soko, shule na nyumba ya ibada vyote huwa mbali naye kwa siku moja. Mguu ni chombo cha kwanza cha mkulima, hata kabla ya jembe. Basi yafaa tujue kwa nini miguu huuma, na nini cha kufanya iumapo.

Nilimjua mzee mmoja, mkulima hodari, ambaye baada ya mavuno alianza kuumwa na kisigino. Kila alfajiri alipoondoka kitandani na kukanyaga chini, aliona kama kwamba amekanyaga msumari. Alipokwisha tembea kidogo maumivu yalipungua. Lakini akikaa kitako kisha akainuka, yalirudi. Kisigino hakikuwa na kidonda, wala uvimbe, wala alama yo yote. Kwa kuwa haikuonekana sababu, watu walimwambia amekanyaga dawa aliyotegewa mlangoni. Mzee akamdhania jirani yake, mtu aliyekua pamoja naye tangu utoto. Mbuzi watatu wakaenda kwa mpiga ramli, urafiki wa miaka 40 ukavunjika, na kisigino kikaendelea kuuma vile vile. Habari zake nitazirudia mwisho, maana zatuonyesha kwamba kutojua sababu ya maumivu kwaweza kumdhuru mtu kuliko maumivu yenyewe.

MGUU ULIVYOUMBWA

Tangu kifundo hata ncha za vidole, kila mguu una mifupa 26. Miguu miwili ina mifupa 52, yaani yapata robo ya mifupa yote ya mwili wa mtu mzima, ambayo ni 206. Mifupa hiyo imefungwa pamoja kwa kano nyingi. Wayo haukulala chini wote. Katikati umeinuka kama upinde wa daraja. Chini ya upinde huo mna ukano mpana na mgumu, utokao kisiginoni na kufika penye mizizi ya vidole. Ukano huo huushika upinde usibomoke, nao huchukua uzito wa mwili kila tupigapo hatua. Tena nyuma ya kisigino kuna ukano mwingine mnene, uliounganishwa na shavu la mguu. Shavu likikakamaa, ukano wa nyuma huvutwa, na ule wa chini huelemewa pia.

Kwa hiyo mtu aumwapo na mguu, na ajiulize maswali matatu kabla ya kutafuta dawa. La kwanza, maumivu yako wapi hasa: kisiginoni, katikati ya wayo, penye vidole, au mguu mzima? La pili, huja wakati gani: asubuhi, usiku, au baada ya kazi? La tatu, yalianza baada ya jambo gani: safari ndefu, mzigo mzito, viatu vipya, mwiba, au bila ya jambo lo lote? Mtu ajibuye maswali hayo sawasawa amekwisha fika nusu ya njia.

KISIGINO KIUMACHO ASUBUHI

Maumivu kama ya yule mzee ni ya watu wengi sana. Sababu yake ni ule ukano mpana wa chini ya wayo kuchoka na kuumia mahali unaposhikana na mfupa wa kisigino. Huwapata hasa watu wasimamao mchana kutwa, wachukuao mizigo, wenye miili mizito, wavaao viatu vilivyokwisha nyayo, na walioongeza kazi ya kutembea kwa ghafula. Usiku ukano hujikunja. Asubuhi hatua ya kwanza huunyosha kwa nguvu, ndipo mtu huona kama amechomwa.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya kuondoka kitandani, mtu na ashike vidole vya mguu kwa mkono na kuvivuta polepole kumwelekea yeye mwenyewe, mpaka aone wayo umenyoka. Ashike hivyo kwa muda wa kuhesabu 10, kisha aachilie, na arudie mara 10. Tena mchana na asimame akiuelekea ukuta, mikono ukutani, mguu mgonjwa nyuma, goti limenyoka na kisigino kimekaa chini. Kisha ainame mbele mpaka aone shavu la mguu linavutika, akae hivyo kwa muda wa kuhesabu 30. Afanye hivyo mara tatu, asubuhi na jioni. Jioni na aviringishe chupa ya maji baridi chini ya wayo kwa dakika chache. Apunguze mizigo, wala asitembee bila viatu mahali pagumu mpaka apone. Avae viatu vyenye wayo mnene na kisigino kilichoinuka kidogo.

Jambo moja lataka subira: nafuu haiji kwa siku tatu. Huja kwa majuma na miezi, lakini wagonjwa walio wengi hupona katika muda wa mwaka mmoja pasipo kupasuliwa. Wengine wakipigwa picha huambiwa kwamba wana kijiba cha mfupa kisiginoni, wakaogopa. Wasiogope; watu wengi wanacho kijiba hicho wala hawaumwi kamwe.

VIATU, SUGU NA MAGAGA

Viatu ni ngao ya mguu, lakini kiatu kibaya ni adui. Kiatu chembamba mbele hubana vidole, hufanya sugu, na kuuelekeza ukucha uote ndani ya nyama. Mtu anunuapo viatu, na aende jioni, kwa maana mguu huvimba kidogo mchana. Na akanyage karatasi, auchore mguu wake kuuzunguka, aikate karatasi ile na kuitia katika kiatu. Ikijikunja, kiatu hicho si chake hata kikiwa kizuri namna gani. Huwezi kumwambia mtoto anayekua avae viatu vya mwaka juzi ukategemea asichechemee. Si lazima viatu viwe vya bei kubwa. Katambuga zilizokatwa vizuri katika mpira wa gari, zisizo na misumari iliyojitokeza ndani, hulinda wayo na miiba.

Sugu isikatwe kwa wembe. Na ilowekwe katika maji ya vuguvugu, kisha isuguliwe taratibu kwa jiwe la kusugulia, na kile kinachoisugua kiondolewe. Kiatu kikibaki kile kile, sugu itarudi. Magaga, yaani mipasuko ya kisigino, hutokana na ngozi kukauka na kuwa nene. Mtu na aoshe miguu kila jioni, aikaushe, na kuipaka mafuta mazito. Asidharau mpasuko utokao damu, kwani huo ni mlango wa vijidudu. Ukucha na ukatwe sawasawa kama ukingo wa meza, usizungushwe pembeni.

FUNZA, MGENI ALIYETOKA NG'AMBO

Kuna wasomaji watakaoshangaa kusikia kwamba funza, ambaye mahali pengine huitwa tekenya, si mwenyeji wa bara letu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka wa 1872 merikebu iliyotoka Brazil ilifika Ambriz, katika pwani ya Angola, ikiwa na mchanga uliotiwa ili kuipa uzito, na funza walikuwamo katika mchanga huo. Kutoka hapo walisafiri na misafara ya wachukuzi na askari, wakaivuka Kongo, na kabla ya karne hiyo kwisha walikuwa wamefika Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba funza ni laana ya ukoo fulani hasemi kweli. Funza ni kiroboto, naye alikuja kwa chombo kama mgeni mwingine.

Funza jike aingiapo katika ngozi ana urefu wa kama milimeta moja tu. Huingia hasa kandokando ya kucha, katikati ya vidole na kisiginoni, akaacha nje tundu dogo kama nukta nyeusi. Ndani ya ngozi hunywa damu na kuvimba mpaka awe kama punje ya njegere, hutaga mayai mengi kwa muda wa majuma mawili au matatu, kisha hufa. Mayai huanguka vumbini, na katika udongo wa sakafu ndimo vizazi vipya vikuapo. Ndiyo sababu mtoto alalaye chini katika nyumba ya vumbi hutolewa funza leo, na baada ya mwezi anao tena.

Wengi wetu tumezoea kumtoa kwa pini au mwiba, na pini moja huzunguka nyumba nzima. Desturi hiyo ni ya hatari. Pini isiyochemshwa yaweza kuleta pepopunda, tena yaweza kuhamisha vijidudu vya damu, kama vile vya ukimwi na homa ya ini, kutoka mtu mmoja kwa mwingine. Wala mafuta ya taa yasipakwe, kwa kuwa huunguza ngozi. Siku hizi yako mafuta mepesi yaitwayo dimetikoni. Yakipakwa penye funza huziba tundu lake la kuvutia pumzi, akafa humo humo bila ya kuchokolewa. Ulizeni habari zake katika zahanati. Lakini dawa ya kudumu ni nyumba: sakafu ifagiliwe kila siku na kunyunyizwa maji, au isakafiwe kwa saruji mtu awezapo, watoto wasilale chini, nguruwe, mbwa na mbuzi wasilale pamoja na watu, na miguu ioshwe kwa sabuni na kukaguliwa kila jioni.

TENDE ZA UDONGO MWEKUNDU

Tende tuzijuazo sana pwani na katika nchi za bondeni huletwa na mbu. Lakini ziko tende nyingine, za nchi za milimani zenye mvua nyingi na udongo mwekundu uliotokana na moto wa volkano. Hizo hazina mbu wala mdudu. Katika miaka ya 1970 tabibu Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia, alieleza kwamba chembe ndogo sana za udongo huo huingia katika ngozi ya watu walimao bila viatu miaka mingi, zikaharibu mishipa ipitishayo maji ya mwili. Mwaka wa 2015 watu wa wilaya ya Kamwenge, Uganda, walipoonekana wamevimba miguu, uchunguzi ulionyesha kwamba ugonjwa wao ulikuwa huu wa udongo, si ule wa mbu.

Dalili za mwanzo ni kuwashwa na kuungua kwa wayo na vidole, hasa usiku, na mguu kuvimba jioni na kunywea asubuhi. Huanza chini na kupanda, kwa kawaida miguu yote miwili, nao hukaa chini ya magoti. Hauambukizi hata kidogo. Huonekana zaidi katika koo fulani kwa sababu watu wa damu moja huweza kuwa na maumbile yanayoupokea udongo huo vibaya. Si kwa sababu wamelaaniwa. Kumfukuza mgonjwa sokoni, au kukataa kuoa kwake kwa kuogopa kuambukizwa, ni dhuluma.

Anayeuona mwanzo wake aweza kuuzuia kwa viatu peke yake. Na yule aliyekwisha vimba apata nafuu kwa kuosha miguu kila siku kwa maji na sabuni, kuikausha hata katikati ya vidole, kuipaka mafuta, kuiinua akaapo, kuifunga bandeji kama alivyoonyeshwa na mwuguzi, na kuvaa soksi na viatu visivyombana.

JONGO

Mtu alalaye mzima akaamshwa usiku na kidole gumba cha mguu, kimevimba, chekundu, cha moto, hata shuka ikikigusa apiga kelele, yamkini ana jongo. Sababu yake ni takataka ya damu iitwayo asidi ya yuriki, ambayo figo hazikuitoa yote, ikaganda kama vijiwe vyenye ncha ndani ya kiungo. Pombe na nyama nyingi, hasa maini na figo, huiongeza. Na apumzike, auinue mguu, anywe maji, aende kwa tabibu. Dawa zipo za kutuliza, na nyingine za kuzuia usirudi.

MGUU USIOUMA

Mpaka hapa nimenena juu ya mguu uumao. Sasa nataka kunena juu ya mguu wa hatari zaidi, nao ni ule usiouma ilhali wapaswa kuuma. Maumivu ni mlinzi wa mlango. Mlinzi akilala, mwizi huingia bila kelele.

Tangu mwaka wa 1946 tabibu Paul Brand alitibu wenye ukoma huko Vellore, katika nchi ya India. Aliona kwamba vidole vyao havikuanguka kwa kuwa nyama imeoza yenyewe, kama watu walivyodhani. Ukoma ulikuwa umeua mishipa ya fahamu, na kwa hiyo mgonjwa alikanyaga kaa la moto au kigae asijue, akaendelea kutembea juu ya kidonda mpaka mfupa ukaharibika. Siku hizi ukoma hupona kabisa kwa dawa, nazo hutolewa bure. Lakini ugonjwa wa kisukari, ambao sasa umeingia hata vijijini, hufanya vivyo hivyo: huifisha mishipa ya fahamu ya miguu na kuipunguza damu. Kwanza mtu huona ganzi, au kama sisimizi watembeao, au kuungua usiku. Kisha haoni kitu. Wengi waliokatwa miguu kwa ajili ya kisukari walianza na lengelenge dogo la kiatu ambalo hawakulisikia.

Kwa hiyo mwenye kisukari, au mwenye ganzi ya miguu, na ashike amri hizi: aikague miguu kila jioni, hata chini ya wayo, kwa kioo au kwa macho ya mtoto wake, apapase ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, asitembee bila viatu hata ndani ya nyumba, asiote moto kwa miguu wala kuitia katika maji ya moto pasipo kuyapima kwanza kwa kiwiko, na kidonda cho chote, hata kisipouma, akipeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kadhalika mwiba. Mwiba ulioingia ndani na utolewe kwa sindano iliyochemshwa, mahali paoshwe kwa sabuni na maji mengi, na mtu aende kuchomwa sindano ya kuzuia pepopunda ikiwa hakuipata au imepita miaka mingi, kwani kijidudu chake hukaa katika udongo na mavi ya wanyama. Tena katika nchi kavu, kama vile Sudan, uko ugonjwa ambao huanza kwa mwiba, ukafanya uvimbe usiouma kwa miezi au miaka, kisha uvimbe ukatoboka na kutoa chembe kama za mchanga. Huitwa mguu wa Madura. Ukitibiwa mapema mguu huokoka. Ukingojewa uume, mara nyingi umechelewa. Hapo ndipo tuonapo kwamba wazee waliotunga methali ile hawakutia chumvi.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Asingojee kesho mtu aliyeumia akashindwa kupiga hatua nne, yamkini amevunjika. Wala yule ambaye wekundu wapanda mguuni pamoja na homa. Wala yule ambaye mguu mmoja umevimba ghafula na kuuma shavuni. Wala mwenye kidole kilichogeuka cheusi au baridi. Wala mwenye kidonda kilichopita majuma mawili bila kupona. Na mtoto achechemeaye bila sababu aonekane na tabibu, asipigwe kwa kudhaniwa mvivu.

NENO KWA WAZEE NA WALIMU

Walimu, mna miguu mingi mbele yenu kila asubuhi. Siku moja katika juma iangalieni, si kwa kumwaibisha mtoto mbele ya wenziwe, bali faraghani na kwa upole. Mtoto mwenye funza akichekwa hukimbia shule, na asiposoma hasara ni ya kijiji kizima. Wazee wa vijiji, mkiletewa shauri la uchawi wa kukanyaga, ulizeni kwanza kama mgonjwa ameonekana hospitali. Mkifanya hivyo mtaokoa miguu, tena mtaokoa na ujirani.

Yule mzee wa kisigino mwisho alipelekwa na binti yake kwa tabibu. Akaulizwa alifanya kazi gani kabla ya kuumwa. Akajibu kwamba kwa majuma matatu alichukua magunia ya mahindi mpaka barabarani, amevaa ndara zilizotoboka. Tabibu akamwonyesha kunyosha wayo na shavu, akamwambia atafute viatu vyenye wayo mnene. Baada ya miezi mitano alikuwa akitembea vizuri. Njia ya kwanza aliyoishika ilikuwa ile ya kwenda kwa jirani yake. Alikuta mlango umefungwa, akakaa kizingitini akangoja mpaka jua likatua, na jirani aliporudi shambani na kumwona, alitua jembe, akamwuliza, "Mguu wajambo?" Akajibu, "Mguu hujambo. Nimekuja kwa jambo la ulimi." Wakaingia ndani pamoja.